Nijipimeje mwenyewe ili nguo inikae vizuri?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nafanya kazi ya ofisini hapa Dodoma. Magauni ya namba 14 ninayonunua mitumbani na madukani yananibana nyonga lakini yanapwaya kiunoni. Blauzi za vifungo ndiyo kabisa, zinaachia kifuani hata nikichukua L. Nimejipima kwa futi nikapata kifua 38, kiuno 36, nyonga 43. Mdogo wangu anaolewa Dar es Salaam mwezi wa Desemba, na fundi wa sare anataka nimtumie vipimo kwa WhatsApp kwa kuwa siwezi kusafiri kwenda kupimwa. Nijipimeje nisije nikaharibikiwa?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na hongereni kwa harusi. Nianze na namba zako, maana moja kati ya hizo tatu haikubaliani na maelezo yako. Kampuni nyingi za Uingereza hukata gauni la 14 kwa mwili wenye kifua cha inchi 38 au 39, kiuno 31 au 32, na nyonga 41 hivi. Mtu mwenye kiuno cha 36 hawezi kufunga zipu ya gauni hilo, sembuse limpwaye. Wewe linakupwaya. Basi hiyo 36 si kiuno chako. Nadhani ulipitisha futi kwenye kitovu, au pale unapofungia sketi, na kiuno chenyewe kiko juu kidogo ya hapo, pengine ni 30 au 31. Nyonga 43 naiamini, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini 14 inakubana. Ungemtumia fundi ile 36, angekukatia gauni lililonyooka toka kifuani hadi mapajani, na umbo lako lote lingepotea ndani yake.

Kiuno ndicho kipimo kinachokosewa kuliko vyote, kwa hiyo tukianze hicho. Chukua lastiki nyembamba au uzi mnene, ujifunge tumboni bila kukaza. Simama wima, kisha uinamie ubavuni, kulia halafu kushoto, mara kadhaa. Lastiki itasogea yenyewe na kutulia pale mwili unapojikunja, kati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga. Hapo ndipo kiuno kilipo, hata kama sketi zako zote unazifunga chini zaidi. Usiivue hiyo lastiki mpaka umalize kujipima, kwa sababu vipimo vingine vinaanzia hapo: toka kiunoni kwenda chini hadi nyonga, na toka kiunoni kwenda juu hadi begani.

Kabla hujaendelea, ikague futi yenyewe. Futi za kitambaa cha plastiki laini huvutika zikitumika sana, na ncha yenye bati ikilegea unapoteza robo inchi kila unapopima. Chukua karatasi ya A4, upande wake mrefu ni sentimita 29.7. Ilaze futi juu yake usome. Ikikuonyesha 29 au 30 na nusu, itupe ununue nyingine, haina bei. Amua pia mapema kama unapima kwa inchi au kwa sentimita. Mafundi wetu wengi wanafanya kazi kwa inchi, maduka ya mtandaoni yanaandika sentimita, na futi ina pande mbili. Nimeona watu wakisoma kifua upande huu na kiuno upande ule. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo nyonga yako ya 43 ni sentimita 109 na ushee.

Jipime ukiwa umevaa nguo za ndani tu, na sindiria ile ile utakayovaa siku ya harusi. Sindiria yenye sponji na ile iliyochoka zinaweza kukutofautisha inchi nzima ya kifua, tena zinahamisha mahali matiti yanapokaa. Usijipime mara tu baada ya kula. Simama mbele ya kioo, miguu karibu karibu, toa pumzi kawaida, na usivute tumbo ndani. Hapo nasisitiza, kwa sababu karibu kila mtu huvuta tumbo bila kujua akishika futi. Futi iguse ngozi bila kuikandamiza, na izunguke usawa mmoja mbele na nyuma. Nyuma ndiko inakoteremka bila wewe kuona, hasa kwenye kifua, na ikiteremka inchi mbili mgongoni kipimo chote si cha kuaminika. Ukipata mtu wa kukushikia, hata mtoto wa darasa la nne, mwambie aangalie mgongoni tu. Kila kipimo kipime mara mbili. Vikitofautiana zaidi ya nusu inchi, pima mara ya tatu.

Kifua kina vipimo viwili, na hapa ndipo shida ya blauzi zako ilipo. Cha kwanza unapitisha futi chini ya makwapa, juu ya matiti. Cha pili unapitisha kwenye ncha za matiti, pale palipojaa zaidi. Viandike vyote. Kampuni nyingi za nguo za Ulaya na Marekani hukata blauzi zikikadiria kwamba kati ya hivyo viwili kuna tofauti ya inchi mbili hivi. Kama cha juu kwako ni 34 na cha pili ni 38, una tofauti ya nne, na hakuna L itakayokutosha sawasawa: ikikaa begani itaachia vifungo, ikifunga vifungo itadondoka begani. Mwili wako hauna kosa lolote, ni blauzi iliyokatwa kwa mwili mwingine. Ukinunua ya dukani, fuata kifua kilichojaa halafu mpe fundi apunguze ubavuni, na kwa blauzi isiyo na mikono apunguze na bega. Ukishonesha, mwambie kifungo kimoja kikae usawa wa ncha za matiti hasa, na vingine vipangwe kuanzia hapo kwenda juu na chini. Wengi wanaanza kugawa vifungo kutoka kolani, na kile kinachotakiwa kubeba mzigo kinajikuta juu au chini ya mahali pake.

Nyonga pima palipojaa kabisa, makalio yakiwa ndani ya futi. Kwa watu wengi ni inchi 7 hadi 9 chini ya ile lastiki ya kiunoni, lakini usikisie. Telezesha futi juu na chini huku ukiiangalia, na pale inapokupa namba kubwa ndipo penyewe. Andika namba hiyo, na andika pia ni inchi ngapi toka kiunoni kushuka hadi hapo. Kisha fanya jambo ambalo mafundi wengi hawaliombi: kaa kwenye kiti kigumu, upime tena nyonga ukiwa umekaa. Kwa wengi namba inaongezeka inchi moja au mbili. Wewe unafanya kazi ofisini, unakaa kutwa. Gauni linalokutosha umesimama na kukubana umekaa litachanika mshono wa nyuma kabla ya mwaka kwisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Kipimo cha mwili na kipimo cha nguo ni vitu viwili. Nguo ya kitambaa kisichovutika, kama kitenge, lazima iwe kubwa kuliko mwili, vinginevyo hutapumua wala kunyanyua mkono. Kwa gauni la kitenge la kukaa mwilini, kifuani huwa naacha nafasi ya inchi mbili hadi tatu, kiunoni moja hadi moja na nusu, kwenye nyonga mbili hadi tatu. Nguo za kuvutika, kama fulana na magauni ya kitambaa cha jezi, zinaweza kuwa sawa na mwili au hata ndogo kuliko mwili, na bado zikakaa vizuri.

Lirudie lile gauni lako la 14 ukiwa na hesabu hiyo. Limekatwa kwa nyonga ya 41, likaongezwa inchi mbili za nafasi, basi lenyewe likipimwa ni 43. Nyonga yako ni 43. Limekugusa pande zote, halijakuachia hata nusu inchi. Kiunoni limekatwa kwa 32, likaongezwa moja na nusu, linafika 33 na nusu, na wewe huenda una 31. Nguo moja imekubana na kukupwaya kwa wakati mmoja, na hesabu inaonyesha wazi kwa nini. Ukipanda hadi 16, nyonga itapata nafasi na kiuno kitapwaya zaidi. Hiyo 16 ndiyo unayotakiwa kununua, halafu fundi akubanie kiuno. Kubana kiuno ni kazi ndogo. Kuongeza nyonga ambayo kitambaa chake hakipo haiwezekani.

Unisamehe nikirefusha kidogo kuhusu hizo namba za lebo, maana zinawaumiza watu. Kuna wanaolia chumba cha kujaribia nguo kwa sababu 14 imewakataa, wakati namba hiyo haijawahi kuwa kipimo cha mtu yeyote. 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani, ni 40 ya Ujerumani, 42 ya Ufaransa, 46 ya Italia. Kwenye belo moja la mitumba zote zinaweza kuwemo. Hata ndani ya nchi moja hazishikani. Huko Marekani, mwaka 1939 na 1940, Idara ya Kilimo ilipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili kampuni za nguo zipate saizi za pamoja. Matokeo yalitolewa mwaka 1941, na yalihesabu wanawake weupe peke yao. Kutokana na hayo ukatoka mwongozo wa saizi mwaka 1958, ukarekebishwa mwaka 1970, na mwaka 1983 serikali ikauondoa kabisa. Tangu hapo kila kampuni inajipangia, na nyingi zimekuwa zikiandika namba ndogo kwenye nguo kubwa ili mnunuzi ajisikie mwembamba. Mwanamke wa Dodoma mwenye kiuno cha 31 na nyonga za 43 hakuwamo kwenye hesabu zile tangu mwanzo. Kwa hiyo lebo itumie kuchagua rundo la kuanzia tu, kisha uamini futi.

Na njia nzuri ya kuiamini futi ukiwa sokoni ni hii. Nenda kabatini utoe gauni moja lisilovutika, lile unalolivaa ukajisahau kwamba umelivaa. Lilaze mezani, lifunge zipu, linyooshe kwa mikono bila kulivuta. Pima toka kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Pima kiunoni, palipo pembamba zaidi, zidisha mara mbili. Pima kwenye nyonga, zidisha mara mbili. Pima toka ncha ya bega hadi ncha ya bega mgongoni, hii usizidishe, na urefu toka begani hadi kwenye pindo. Namba hizo ziweke kwenye simu. Hizo tayari zina nafasi ndani yake, tena nafasi unayoipenda wewe. Ukifika mnadani au mtumbani, huna haja ya kujibanza nyuma ya turubai kujaribu gauni juu ya nguo ulizovaa. Lilaze kwenye mkono wa rafiki yako, pima, linganisha, lipa au rudisha. Fanya vivyo hivyo na suruali moja na blauzi moja.

Ile mbinu ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni, ambayo utaiona kwenye masoko ya mitumba kuanzia Karume ya Dar es Salaam hadi Gikomba ya Nairobi, inatokana na makadirio kwamba shingo ni nusu ya kiuno. Kwa baadhi ya watu inakaribia. Kwa mwenye umbo lako haina msaada, kwa sababu haisemi chochote kuhusu nyonga, mapaja, wala kina cha suruali toka mkandani hadi mapajani, na huko ndiko inakokubana. Beba futi kwenye mkoba. Ukishapata nguo, igeuze ndani nje uangalie mishono. Kama kuna kitambaa cha ziada cha nusu inchi au zaidi kila upande, fundi ana pa kuongezea. Kama imekatwa karibu na kushonwa kwa mashine ya ovaloki hadi ukingoni, iliyopo ndiyo hiyo hiyo. Urefu unapunguzika, kiuno kinapunguzika, mikono inapunguzika. Bega la koti au la blauzi yenye mikono ni kazi ngumu na ghali, maana mkono mzima lazima ung'olewe. Kama bega halikai, iache.

Kwa nguo za mtandaoni, kabla hujatuma pesa soma jedwali la saizi ujue linaongelea mwili au nguo. Maduka mengi ya China hutoa vipimo vya nguo yenyewe, kwa sentimita. Wakikuandikia kifua 96 na wewe kifua chako ni inchi 38, yaani sentimita 96.5, usifurahi: hiyo nguo haitafunga kama kitambaa hakivutiki. Ulinganishe na namba za gauni lako la kabatini, na usilinganishe na za mwili. Jedwali likisema ni vipimo vya mwili, hapo tumia za mwili. Lisiposema, muulize muuzaji akupimie nguo hiyo kwapa kwa kwapa na akutumie picha futi ikiwa juu yake. Muuzaji anayekataa hilo, mwache na nguo yake.

Kwa wanaume wa nyumbani kwako mambo ni mepesi zaidi. Jinzi ya 32/34 ina kiuno cha inchi 32 na mguu wa ndani wa inchi 34, toka mapaja yanapokutana hadi chini. Koti la suti la Ulaya namba 50 ni la kifua cha sentimita 100, yaani namba ni nusu ya kifua. La Uingereza hutaja inchi za kifua, kwa hiyo 40 ni mwenzake. Kanzu na abaya, namba kama 54 au 56 kwa kawaida ni urefu wa nguo kwa inchi toka begani, na upana unabaki kuulizwa pembeni.

Turudi kwenye sare. Fundi wa Dar mtumie vipimo hivi, kila kimoja na jina lake: bega hadi bega, kifua cha juu na kifua kilichojaa, kiuno, nyonga umesimama na umekaa, toka kiunoni hadi nyonga, toka begani, pale panapokutana na shingo, hadi ncha ya titi, toka ncha hadi ncha, toka hapo hapo begani hadi kiunoni, mbele kivyake na nyuma kivyake, mzunguko wa mkono palipojaa juu ya kiwiko, urefu wa mkono ukiwa umeukunja kidogo, na urefu wote toka begani hadi sakafuni ukiwa umevaa viatu vya siku hiyo. Bega na mgongo huwezi kujipima peke yako, lazima upate mtu. Ukikosa, chukua bega la ile blauzi inayokukaa vizuri. Ambatisha picha mbili za kusimama, moja ya mbele na moja ya ubavuni, ukiwa na nguo ya kubana. Fundi mzuri ataona kama mgongo umepinda ndani au bega moja limeshuka, mambo ambayo futi haisemi.

Juu kabisa ya ujumbe mwandikie: "Hivi ni vipimo vya mwili, sijaongeza kitu." Sentensi hiyo ina thamani kubwa. Mafundi wengi wamezoea kuingiza vidole viwili ndani ya futi wanapopima, na wateja nao wanaongeza kidogo kwa hofu ya kubanwa. Wewe ukiongeza inchi mbili, naye akiongeza zake mbili na nusu, sare itakuja kubwa kuliko mtu. Na kama umepanga kupungua mwili kabla ya Desemba, usimtumie vipimo vya mwili unaoutarajia. Mtumie vya leo, umpe tena kiuno na nyonga wiki tatu kabla ya harusi, na umwombe asikate mpaka avipate.

Muulize pia kama kitenge kimelowekwa. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na kitenge kipya kina wanga unaokifanya kionekane kizito kuliko kilivyo. Kilowekwe usiku mmoja, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Asipofanya hivyo gauni litakukaa vizuri siku ya harusi tu.

Mwombe aache inchi moja ya kitambaa kwenye kila mshono wa ubavuni, hata kama kwa kawaida anaacha nusu, na pindo asilipige mpaka ufike. Panga kufika Dar siku nne kabla. Ulijaribu gauni ukiwa na sindiria na viatu vya harusi, ukae, uinue mikono yote miwili, upande ngazi moja au mbili. Likivuta mistari ya kulala kwenye nyonga, aachie mshono robo inchi kila upande. Likikusanya kitambaa mgongoni juu ya kiuno, nyuma ni ndefu kuliko mgongo wako na apunguze hapo, si ubavuni. Siku nne zinamtosha kwa yote hayo bila kukesha.